Wasdale Head: maswali ninayoulizwa kuhusu kitongoji cha mwisho wa barabara

Kila nikirudi kutoka Wasdale Head na kurusha picha mbili tatu kwenye kundi la familia, simu haipoi. Wa Tanga wanauliza hili, wa Leicester wanauliza lile, na shangazi anataka kujua kama kweli kuna watu wanaoishi kule. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia ili niyajibu kwa nafasi, mahali pamoja.

Ni wapi hasa?

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika Cumbria, ndani ya eneo la maziwa na milima liitwalo Lake District. Kwenye ramani tafuta ziwa Wastwater. Barabara inafuata ukingo wa ziwa hilo, inaingia bondeni, inafika kwenye nyumba chache, kisha inakwisha. Mbele yako ni milima tu: Yewbarrow kushoto, Great Gable wenye mita 899 katikati, Lingmell kulia, na nyuma ya Lingmell umejificha Scafell Pike, mita 978. Huo ndio mrefu kuliko yote katika Uingereza yenyewe, ukiacha Uskoti na Wales ambako iko mirefu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mpango wa kuipitisha barabara juu ya Sty Head, pito la milimani, hadi bonde la Borrowdale. Mpango ule ulikufa, na mimi hushukuru kila nikifika pale, kwa sababu utulivu wa bonde lile unatokana na kwamba hakuna anayepita akielekea kwingine.

Kwa nini unasema kitongoji? Si useme kijiji?

Kwetu Tanzania kitongoji ni sehemu ya kijiji na kina mwenyekiti wake. Uingereza hakina mwenyekiti wala ofisi. Ni nyumba zilizokaa pamoja, basi. Wasdale Head ni mashamba machache, hoteli moja ya zamani yenye baa, duka dogo la vifaa vya mlimani, uwanja wa mahema na kanisa dogo. Mambo ya serikali za mitaa yanashughulikiwa na halmashauri ya Cumberland, iliyoanza kazi Aprili 2023.

Waingereza wa zamani walikuwa na kipimo chao: kijiji kina kanisa lake, kitongoji kinategemea kanisa la wengine. Wasdale Head ilikaa katikati ya vipimo hivyo viwili. Kanisa lilikuwapo, lakini kwa karne nyingi halikuwa na ruhusa ya kuzika. Hapo ndipo linapoanzia swali linalofuata.

Ni kweli maiti zilivushwa mlimani kwa farasi?

Kweli. Mtu akifariki bondeni, jeneza lilifungwa mgongoni mwa farasi, likapandishwa kwenye nyanda za Burnmoor, likapita kando ya ziwa dogo la juu, likateremshwa hadi kanisa la Mtakatifu Catherine karibu na Boot, katika bonde la Eskdale. Njia hiyo ipo hadi leo na inatembeka. Ukitoka Wasdale Head asubuhi unafika Boot kabla ya saa sita mchana.

Wenyeji wana hadithi yake. Kijana mmoja alifariki, na farasi aliyembeba akashtuka pale Burnmoor, akatimka na jeneza ndani ya ukungu asionekane tena. Mama mtu hakudumu baada ya msiba ule. Naye akabebwa kwa njia ile ile, theluji ikaanza kudondoka, farasi wake akatimka pia. Watu walipotoka kumtafuta mama walimpata farasi wa mwana, na jeneza la mwana likiwa bado mgongoni. Farasi wa mama hakuonekana kamwe, na husemwa kwamba kwenye ukungu bado anapita. Niliisikia hadithi hii kabla ya kuipita njia yenyewe. Nilipofika kando ya maji yale ya juu, upepo umetulia na hakuna mtu, niliinua mikono nikawasomea wote wawili.

Kanisa lenyewe likoje?

Ni jengo la chini la mawe, limezungukwa na miti mizee inayobaki ya kijani mwaka mzima, kiasi kwamba ukiwa barabarani unaweza kulipita bila kuliona. Limepewa jina la Mtakatifu Olaf, mfalme wa Norway. Wenyeji husimulia kwamba boriti za paa zilitoka kwenye majahazi ya Wavikingi. Dirisha moja lina kipande kidogo cha kioo kilichochorwa mnara wa mwamba wa Napes Needle, pamoja na maneno ya Zaburi kuhusu kuinua macho kuitazama milima.

Makaburi yako nje. Humo wamo wapanda milima, wakiwemo watatu kati ya wanne waliokufa pamoja kwenye miamba ya Scafell mwaka 1903. Ingia taratibu, funga geti, usipande juu ya ukuta kutafuta pembe ya picha.

Watu wanaishi kwa kazi gani?

Kondoo. Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote, kwa sababu mgeni akielewa kondoo, bonde zima linamfungukia.

Kondoo wa huko ni wa aina ya Herdwick. Mwanakondoo anazaliwa mweusi, kadiri anavyokua manyoya yanageuka kahawia na kisha kijivu, na uso unakuwa mweupe kama aliyepakwa unga. Ni wagumu, mvua na upepo wa juu haviwasumbui. Huko mlimani hakuna uzio wa kuwazuia. Mlima ni wa malisho ya pamoja, kila shamba lina haki ya kupeleka idadi yake, na kundi la shamba hili linaweza kuchanganyika na la shamba lile. Kinachowabakiza mahali pao ni mafunzo ya mama. Kondoo jike anajua sehemu yake ya mlima, anamlea mtoto hapo hapo, na mtoto akikua naye anamfundisha wake. Hivyo ujuzi wa mipaka unaishi ndani ya kundi lenyewe, umerithiwa vizazi kwa vizazi. Shamba likiuzwa, mara nyingi kondoo wa mlimani wanabaki na shamba, kwa kuwa ukiwahamisha umeuvunja urithi huo.

Ndiyo maana mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza na Cumbria ikaumia kuliko mikoa mingine yote, hofu ilikuwa kubwa kuliko hesabu ya mifugo. Kundi likichinjwa lote unaweza kununua kondoo wengine sokoni, ila huwezi kununua kumbukumbu ya mlima.

Ili kutambua kondoo yupi ni wa nani, kuna alama za rangi mgongoni au ubavuni, na mikato ya masikioni. Alama hizo zimeandikwa vitabuni tangu mwaka 1817 ili kondoo aliyepotea arudishwe kwa mwenyewe. Msomaji wa jamii ya wafugaji hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka wa kazi unakwenda hivi: madume huingizwa kwa majike kuelekea Novemba, kuzaa ni Aprili na Mei, kukata manyoya ni kiangazi, na siku za kukusanya kundi zima watu hupanda na mbwa mapema asubuhi. Ukipata bahati ya kuiona siku hiyo, kaa pembeni usizibe njia. Miluzi inatoka upande mmoja wa bonde, mbwa anageuka upande wa pili, na kondoo wanashuka kama maji. Jumamosi ya pili ya Oktoba kuna maonyesho ya kondoo hapo hapo kitongojini.

Nisikufiche: pesa ni ngumu. Manyoya ya Herdwick ni magumu na bei yake mara nyingi haifikii hata gharama ya kuyakata. Shamba linasimama kwa nyama, kwa ruzuku za serikali, na kwa wageni wanaolala. Mwandishi wa vitabu vya watoto Beatrix Potter, aliyekuwa mfugaji wa Herdwick kwelikweli, alipofariki mwaka 1943 aliliachia National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya urithi, mashamba 14 katika eneo hili la maziwa, na aliagiza kondoo wa mashamba yale ya mlimani waendelee kuwa Herdwick safi.

Kwa hiyo ile milima si pori?

Si pori, na watu wengi wanakosea hapa. Tazama kuta. Sakafu ya bonde imekatwakatwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine nene kupita kiasi, na katikati ya mashamba kuna marundo makubwa ya mawe. Wakulima wa kale walikuta bonde limejaa mawe yaliyoletwa na barafu na mafuriko. Ili wapate nyasi ilibidi wayaondoe, na mahali pa kuyaweka hapakuwepo isipokuwa ukutani. Ukuta ulipofika kimo cha kutosha, waliunenepesha. Huko juu nako, uwazi wa milima umetokana na meno ya kondoo. Bila wao sehemu kubwa ya miteremko ingefunikwa na vichaka na miti.

UNESCO ilipoiingiza Lake District kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, iliiingiza kama mandhari ya utamaduni, yaani kazi ya mikono ya watu. Wapo wanaodai kondoo wapunguzwe ili miti irudi, na hoja zao zina uzito, hasa kwa mito na ndege. Mimi nasimama na wale wanaotaka miti iongezwe kwa kukaa mezani na wafugaji. Bonde hili bila mwenye mbwa na miluzi litakuwa picha ya ukutani.

Mbona majina hayasikiki kama Kiingereza?

Kwa sababu mengi yameachwa na Wanorwe waliohamia huku miaka elfu moja iliyopita. Kijito huitwa beck, mlima fell, ziwa dogo la juu tarn. Zaidi ya hapo, wachungaji wa zamani walikuwa na hesabu yao ya kondoo; katika Borrowdale, ng'ambo ya Sty Head, walihesabu yan, tyan, tethera, methera, pimp. Hizo zinafanana na hesabu za Wales, ambako tano ni pump na hutamkwa karibu vilevile. Ukitaka kuona mkono wa Wanorwe kwa macho, simama Gosforth njiani. Uwanja wa kanisa una msalaba wa jiwe wa karne ya 10, zaidi ya mita nne kwenda juu, uliochongwa habari za Kristo na za miungu ya kale pamoja.

Kuna mtu maarufu wa huko?

Wawili. Will Ritson, 1808 hadi 1890, mwenye nyumba ya wageni, alisifika kwa uongo wa kuburudisha. Alikuwa akisema turnip zake, yaani zile mboga za mizizi, zilikuwa kubwa mno hata kondoo wakizitoboa na kula ndani walipata na pa kujihifadhi. Kwa heshima yake, kila Novemba hufanyika shindano la kumtafuta mwongo mkubwa kuliko wote duniani, katika baa ya Santon Bridge. Wanasheria na wanasiasa hawaruhusiwi kushiriki.

Wa pili ni Joss Naylor, mfugaji aliyezaliwa bondeni mwaka 1936 na kufariki 2024. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo akiwa kijana, kisha akawa mkimbiaji wa milimani ambaye mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Halafu alirudi kwa kondoo wake. Alipofika miaka 70 alikimbia tena, vilele 70.

Nimesikia mlima mzima ni ukumbusho wa vita. Inakuwaje?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwenye ardhi Lord Leconfield aliitoa kilele cha Scafell Pike kwa taifa mwaka 1919, kuwakumbuka wanaume wa eneo la maziwa waliokufa vitani. Miaka minne baadaye, chama cha wapanda miamba Fell and Rock Climbing Club kilinunua Great Gable na vilele vya jirani kikavikabidhi National Trust, kuwakumbuka wanachama wake. Bamba la shaba liliwekwa kileleni mwaka 1924. Hadi leo, Jumapili ya Kumbukumbu mwezi Novemba, mamia ya watu hupanda Great Gable, saa tano asubuhi wananyamaza kimya, kisha wanashuka.

Nilisimama pale nikafikiria vita ile ile upande wetu. Ilichukua wapagazi kwa maelfu mengi kubeba mizigo ya jeshi kutoka pwani hadi ndani kabisa, na wengi wao hawakurudi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kutokana na kikosi kile, Carrier Corps. Sanamu ya Askari iliwekwa mjini mwaka 1927. Watu wa hapa walipewa mlima wa kuwakumbuka wao. Wa kwetu wengi hata kaburi halijulikani, na soko lile tunapita kila siku bila kuliuliza jina lake.

Nimefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro. Huu si mteremko kwangu?

Kwa urefu, ndiyo. Mita 5,895 na mita 978 havilinganishwi. Hewa haitakuishia. Lakini Kilimanjaro ulikuwa na kiongozi, mpishi na wapagazi. Hapa uko peke yako, na ukungu unashuka ndani ya robo saa. Kutoka Wasdale Head unapanda karibu mita 900 kwenye mawe, safari ya kwenda na kurudi inachukua muda wa saa nne hadi sita. Chukua ramani ya karatasi na dira unayojua kuitumia, koti la mvua, nguo ya joto hata Julai, tochi ya kichwani na chakula cha ziada.

Usichanganye Scafell na Scafell Pike. Ni vilele viwili, vimetenganishwa na mwamba wa Broad Stand, na kwa mtembeaji wa kawaida hakuna njia ya moja kwa moja kati yake.

Jambo la pili lenye uzito zaidi: Piers Gill. Ni korongo refu upande wa Lingmell, na watu wanaoshuka kwenye ukungu wakikosea njia hujikuta wamo ndani yake, hawawezi kushuka wala kupanda. Ukiona njia imekwisha na unasikia maji chini yako, geuka urudi juu ulikotoka, hata kama miguu imechoka.

Nikipata shida, nani ataniokoa?

Piga 999 au 112, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Watakuja Wasdale Mountain Rescue: majirani wa kujitolea, hawalipwi, nawe hutozwi. Wanaacha meza ya chakula na kitanda cha usiku kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Mtandao wa simu bondeni ni hafifu au haupo kabisa, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani taarifa za njia yako na saa ya kurudi kabla hujaanza.

Bila gari nitafika?

Kwa taabu. Treni ya pwani ya Cumbria inasimama Ravenglass, Drigg na Seascale, na kutoka hapo ni teksi ya kuagiza mapema. Wenye gari: barabara ya ziwani ni ya gari moja, ina sehemu za kupishana. Usiegeshe hapo, trekta na gari la waokoaji wanapita papo hapo. Ukitokea upande wa Ambleside, njia ya Wrynose na Hardknott ni kali mno, lakini ina ngome ya Warumi ya karne ya 2 yenye mandhari ya kukufanya unyamaze.

Mama yangu ana miaka 70, hapandi milima. Nimlete?

Mlete. Kandokando ya Wastwater, ziwa lenye kina kuliko yote katika Uingereza yenyewe, mita 79, kuna mahali pa kukaa ukitazama Screes, ukuta wa mawe yaliyomomonyoka ng'ambo ya maji. Kisha mtembeze kanisani, na kwenye daraja dogo la mawe nyuma ya hoteli, lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo.

Chakula na swala?

Hotelini kuna chakula cha moto. Nyama ya halali usiitegemee. Mimi hubeba chapati, maharage na chupa ya chai ya tangawizi. Kuhusu swala, jua la katikati ya Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku, na giza kamili haliingii, basi fuata ratiba ya Isha ya msikiti wako. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni.

Niende mwezi gani?

Mei. Wanakondoo weusi wapo, siku ni ndefu. Mvua utaikuta mwezi wowote: Seathwaite, kitongoji cha ng'ambo ya milima, hupata kama milimita 3,500 kwa mwaka, mara tatu ya Dar es Salaam.

Ninaruhusiwa kupita kwenye shamba la mtu?

Ndiyo, kwenye njia zilizowekwa alama, na milimani juu sheria ya mwaka 2000 inakuruhusu kutembea kwa miguu. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache. Mbwa awe kwenye kamba. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba. Kulala kwenye hema popote upendapo kunahitaji idhini ya mwenye ardhi.

Nitaje na hili, maana linawauma wenyeji. Kuna watu wanaojaribu kupanda Ben Nevis wa Uskoti, Scafell Pike na Snowdon wa Wales, mlima mrefu kuliko yote wa kila nchi, ndani ya saa 24, na wengi hufika Wasdale Head usiku wa manane. Milango ya magari inabamizwa, kelele zinapigwa, taka na haja vinaachwa kando ya kijito, ilhali ndani mfugaji amelala saa tatu tu tangu atoke kuzalisha kondoo. Ukitaka kuupanda mlima huu, lala bondeni usiku mmoja na unywe chai hapo.

Nikikutana na mwenyeji nimsalimie vipi?

Akikuambia "Now then", hiyo ndiyo salamu yenyewe, wala hajakuuliza kitu. Mjibu vivyo hivyo. Habari za nyumbani na za watoto zitafuata zikipata nafasi. Kwanza mnatazama juu pamoja, kuelekea Great Gable, mnasema kama mvua inakuja.